Land Rover ya marehemu baba: niikate, niitengeneze, au niiache?

Mshauri, shikamoo.

Naandika kutoka Ujiji. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba alifariki mwaka juzi, akaacha Land Rover 109 Series III, pikapu ya dizeli ya mwaka 1979. Kwa miaka zaidi ya ishirini gari hilo lilibeba chumvi kutoka Uvinza kuja Kigoma mjini, na mara nyingine kupanda nayo Kasulu. Tangu baba aanze kuugua, dereva ni mimi. Nabeba chumvi, nabeba madumu ya mawese, na mara mbili kwa mwezi nampeleka mama kliniki ya presha.

Barabara imebadilika, gari halijabadilika. Enzi za baba njia ilikuwa vumbi na mashimo, mwendo ni 40, hakuna aliyekimbia. Sasa kuna lami kupitia Kidahwe mpaka Uvinza na mabasi yanapita kama yanafukuzwa. Nikifika 65 gari linaanza kutangatanga, mara kulia, mara kushoto. Usukani nauzungusha karibu upana wa kiganja kabla magurudumu hayajaitika. Nikikanyaga breki kwa ghafla linavuta kushoto. Gurudumu moja la mbele likiingia shimoni, usukani unatetemeka mikononi hadi nishuke 30 ndipo utulie. Likiwa tupu, nyuma linaruka, kwa sababu baba aliongeza bapa tatu kwenye springi za kila upande ili lihimili magunia. Mbele limelala kidogo upande wa kulia. Tairi zote ni 7.50-16. Za mbele ni mpya, za waya, nilinunua mwaka jana. Za nyuma ni zile zile za nailoni alizoacha baba.

Mwezi uliopita nililipeleka gereji moja ya Mwandiga. Fundi akagonga chesisi kwa nyundo, ikatoboka kwenye boriti ya nyuma na karibu na kishikio cha springi ya nyuma kulia. Akaniambia gari limekufa miguu. Dawa yake ni kuondoa chesisi nzima na kuweka ya Discovery ya zamani aliyonayo, yenye springi za koili, breki za diski na usukani wa pawa, kisha airefushe ili bodi ya 109 ikae. Anataka milioni 8 na nusu na wiki sita.

Kaka yangu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, amefurahi sana. Atatoa milioni 6, lakini kwa kazi hiyo tu. Mimi nina milioni 4 za akiba. Mama hataki. Alisema neno moja, "Gari la baba yenu msilikate," akaingia ndani. Baba mdogo anamuunga mkono. Fundi mzee aliyekuwa akimtengenezea baba ananiitikia salamu kwa shida tangu asikie nilikwenda Mwandiga. Wadogo zangu wawili wanasema tuliuze, tugawane. Kadi bado ina jina la baba.

Sitaki kumuumiza mama. Sitaki pia nife njiani naye akiwa kiti cha pembeni. Nimfuate kaka, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye mwenye fedha? Niliache lilivyo mpaka mama aridhike? Au kuna njia sijaiona?

Mwenye Usukani Mzito, Ujiji

*

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kumpoteza baba. Mwaka wa pili wa msiba bado ni mbichi, hasa kwako unayeshika kila asubuhi usukani ule ule alioushika yeye.

Unaniuliza umfuate nani: kaka mwenye fedha, au mama mwenye neno moja. Nimeisoma barua yako mara tatu, na naona kabla ya swali hilo kuna jingine ambalo umeshalipa jibu bila kulichunguza. Umekubali kwamba gari limekufa miguu, yaani ubaya unaousikia kwenye lami unatokana na aina ya springi na chesisi ambazo gari lilizaliwa nazo. Huenda ni kweli kwa sehemu. Lakini hebu tuzipitie dalili zako moja moja, maana umezieleza vizuri kuliko madereva wengi.

Kutangatanga kwenye 65. Umeweka tairi za waya mbele na za nailoni nyuma. Tairi ya waya hushika barabara kwa namna moja, ya nailoni kwa namna nyingine. Ya nailoni hukawia kuitikia usukani. Ukizichanganya hivyo, mbele inageuka upesi na nyuma inachelewa kufuata, kisha inafuata kwa kupitiliza. Ndiyo maana kanuni ya zamani inasema kama huna budi kuchanganya, za waya zikae nyuma, na kamwe usichanganye kwenye ekseli moja. Kubadilishana mbele na nyuma ni kazi ya jeki, spana na saa moja. Kununua mbili za waya ili zote nne zilingane ni bora zaidi. Hili halihusiani na chesisi hata kidogo, na inawezekana limekuongezea hofu tangu mwaka jana bila wewe kujua.

Usukani kuwa na nafasi ya kiganja. Series III haina njia fupi kutoka kwenye usukani hadi gurudumu. Kuna steringi boksi, kuna fimbo inayokwenda mbele, kuna rilei, yaani kiungo cha kupokezana mwendo kilichosimama ndani ya boriti ya mbele ya chesisi, kuna fimbo ya kwenda kwenye gurudumu, halafu tairodi inayounganisha magurudumu mawili. Jumla ni boljointi sita pamoja na rilei na boksi. Kila kimoja kikilegea milimita mbili tu, mikononi mwako inakuwa kiganja kizima. Pima hivi: gari lisimame chini kwa magurudumu yake, injini imezimwa, mtu mmoja atikise usukani kidogo kulia na kushoto bila kusukuma tairi. Mwingine alale chini aweke kidole kwenye kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Atasikia wapi upande mmoja unakwenda na wa pili unabaki. Aangalie pia bolti zinazoshika boksi. Rilei ina oili yake ndani. Ikikauka hukwama au hulegea. Ila asiifungue mtu asiyeijua. Ndani kuna springi nene iliyobanwa, na ikiruka inaweza kumpasua mtu uso.

Kutetemeka baada ya shimo. Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni kingpini, zile pini ambazo gurudumu la mbele hugeukia. Inua gurudumu la mbele kwa jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukiisha, ni beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ukibaki, ni kingpini na bushi zake. Kingpini za gari hili zinatakiwa zikaze kiasi, zisiteleze bure, na ukazaji wake hurekebishwa kwa kupunguza shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia nafasi. Wapo watakaokushauri ufunge shokapu ya usukani ili mtetemo uishe. Utaisha, kwa muda, na ugonjwa utabaki umefunikwa.

Kuvuta kushoto. Gari linavuta kuelekea upande ulioshika zaidi, kwa hiyo kulia mbele ndiko dhaifu, au kushoto kumeshika kupita kiasi. Breki zako ni dramu za inchi 11, na kila gurudumu la mbele lina silinda mbili. Moja ikikwama, unapoteza nusu ya breki ya gurudumu hilo. Sababu nyingine ya kawaida ni oili sili kuvuja na kulowesha lainingi. Lainingi iliyolowa oili haifui, hata kwa petroli. Hubadilishwa, na hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande wa pili. Vumbi la ndani ya dramu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lilowesheni kwa maji, lifutwe kwa kitambaa, kitambaa kitupwe.

Nyuma kuruka, hapo umeshajijibu. Bapa tatu za nyongeza zilifaa kwa magunia na vumbi. Na je, unabeba magunia mangapi? Gari hili liliundwa kwa mzigo wa takribani tani moja, na magunia 20 ya kilo 50 ni tani kamili, kabla hujahesabu mtu wala dumu. Mbele kulala kulia kunaweza kuwa springi iliyochoka, ila angalia pia ile bolti ya katikati inayofunga bapa pamoja. Ikikatika, ekseli husogea. Chukua futi, pima kutoka katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, kulia na kushoto. Kila upande unatakiwa usomeke karibu milimita 2,769, ndizo inchi 109 zenyewe. Pande zikitofautiana kwa sentimita, gari linatembea kiubavu kama kaa, na hakuna usukani wa pawa utakaolinyoosha.

Unaona ninachokiona? Sehemu kubwa ya orodha yako ni uchakavu wa vitu vidogo vinavyobadilishwa. Simsemi vibaya fundi wa Mwandiga, maana nyundo yake haikudanganya: tundu ni tundu. Lakini chesisi iliyooza ni jambo moja, na gari kutotulia ni jambo jingine. Amekuuzia dawa moja kwa magonjwa mawili.

Sasa hiyo chesisi. Chumvi ya Uvinza ndiyo iliyoila, na imeila kutoka ndani. Boriti za Land Rover ni maboksi ya bati jembamba yaliyo wazi ndani. Chumvi inayodondoka kwenye tundu za bodi inaingia humo, inavuta unyevu, na kila masika inaamka upya. Kwa hiyo usitegemee kwamba matundu mawili uliyoonyeshwa ndiyo yote. Gongeni boriti nzima kwa nyundo ndogo kila baada ya sentimita kumi, mkisikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Mahali pa kutilia shaka zaidi ni vishikio vyote vya springi, mikono inayobeba ule ukuta wa kati ya injini na dereva, na boriti ya nyuma.

Uozo ukiwa sehemu mbili tatu, hukatwa hadi chuma safi na kuchomelewa bati jipya la milimita 3. Fundi asiweke kiraka juu ya kutu, kwa sababu kutu itaendelea chini yake. Kiraka kikatwe chenye ncha kama almasi, mshono usishuke wima kukata boriti, maana mshono wa wima ndio unaoanza kupasuka. Kabla ya moto wowote, tangi la mafuta lililo chini ya kiti litolewe kabisa, betri ifunguliwe, mabomba ya breki yasogezwe. Gari likae kwenye stendi nne zilizosawazishwa kwa pima maji. Shusha timazi kutoka kwenye vishikio vya springi hadi sakafuni, weka alama, pima mshazari kwa mshazari kabla na baada ya kazi. Achomelee kidogo, aache kipoe, ahamie upande wa pili. Mkimaliza, oshesheni ndani ya maboksi kwa maji mengi baridi mpaka chumvi yote itoke, liachwe jua siku kadhaa, kisha mpake nta au oili ndani. Angalieni tu oili isifike kwenye bushi za mpira, maana huzilainisha na kuzivimbisha. Bila kuosha chumvi kwanza, hiyo kazi yote mtairudia.

Uozo ukiwa umeenea, viraka havina maana tena, na hapo hoja ya kubadili chesisi inakuwa nzito kweli. Ila hata hapo si lazima iwe Discovery. Uingereza kuna wanaotengeneza hadi leo chesisi mpya za 109 zilizochovywa kwenye zinki. Gharama ya kuileta ni kubwa. Lakini vitu vyako vyote vinaingia mahali pake bila kukata kitu, na chumvi itachukua miaka mingi kuishinda zinki.

Nisimdharau kaka yako, kwa sababu anachokitaka kina faida ya kweli. Springi za koili zinaliacha gurudumu lifuate barabara, diski haziogopi maji wala joto la mteremko wa Kasulu kama dramu zinavyoogopa, na usukani wa pawa utakupunguzia kazi mabegani. Kilichonitia wasiwasi ni namna fundi alivyolieleza jambo hilo kwa wepesi. Discovery ya zamani ina inchi 100 kati ya ekseli, yako ina 109. Atakata boriti zote mbili na kuingiza milimita 229 katikati, mahali pale pale mzigo wako unapokalia. Muulize mshono utakuwa wa namna gani, na kama ndani yake atapitisha kipande cha kuimarisha. Ekseli za Discovery ni pana kuliko zako kwa milimita 178 hivi, kwa hiyo tairi zitatokeza nje ya bodi karibu sentimita 9 kila upande. Muulize madigadi yatafanywaje. Vishikio vya injini na giaboksi havilingani. Propela ya nyuma itarefushwa. Itasawazishwa wapi, na kwa mashine gani? Difu zake, yaani gia za kwenye ekseli, zina uwiano wa 3.54, zako 4.7. Maana yake injini itapumua kwenye lami, ila ukipanda kilima na tani moja ya chumvi, dizeli hiyo ndogo ya sentimita za ujazo 2,286 itakulazimisha kushuka gia mapema na kukaa humo. Na springi za nyuma za Discovery ziliwekwa kwa ajili ya abiria na mizigo yao. Ukizitia magunia zitalala hadi kwenye vizuizi, utaanza kutafuta nzito zaidi, na utarudi palepale alipoanzia baba alipoongeza bapa.

Yapo maswali ambayo fundi anaweza kuyajibu vizuri. Akiyajibu kwa vipimo, mheshimu. Akisema "niachie mimi", hilo nalo ni jibu. Na kama kaka ameshikilia koili, mwambie atafute chesisi ya Land Rover 110 badala ya Discovery. Inchi moja ni rahisi kuitafutia nafasi kuliko tisa, na iliumbwa kubeba mzigo.

Kati ya viraka na koili kuna njia ambayo barua yako haikuitaja: springi za paraboliki. Hizi bado ni bapa, zinafungwa kwenye vishikio vile vile, lakini ni chache, kila moja ni nene katikati na inapungua kuelekea ncha. Hazisuguani urefu mzima kama zako, hugusana nchani na katikati tu. Springi yako ya sasa inakuwa ngumu hasa kwa sababu bapa zake zimeshikana kwa kutu na chumvi. Paraboliki haina mahali pa kuficha chumvi, na gari tupu litaacha kuruka. Bei ya raha hiyo ni kwamba ule msuguano ulikuwa ukisaidia kutuliza gari, kwa hiyo lazima ufunge shokapu mpya zenye urefu unaofaa, la sivyo litayumba kwenye kona kuliko zamani. Chagua za mzigo mzito nyuma. Fundi asikaze bolti za bushi gari likiwa juu ya jeki: likishushwa, mpira unajisokota na kuchanika baada ya miezi michache. Zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Yuboti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya, na zikazwe tena baada ya kilomita 500. Asithubutu mtu kuchomelea kwenye bapa lenyewe, moto huua ugumu wa chuma cha springi. Mkimaliza, pimeni alaimenti: kwa gari hili, umbali kati ya tairi za mbele upande wa mbele upungue kuliko wa nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4, basi.

Diski za mbele pia zinaweza kufungwa bila kugusa chesisi, kwa kuhamisha habu na vishikio vya Land Rover za baadaye. Ila zinahitaji masta silinda inayolingana, na busta ya breki inayosaidia mguu kukanyaga, na dizeli haina mvuto wa hewa kwenye manifoldi kama petroli. Lazima pawepo pampu ya kuuzalisha mvuto huo. Ukifunga diski bila busta, pedali itakuwa ngumu kama jiwe, na utaona zilikuwa afadhali dramu zilizorekebishwa vizuri.

Nikuambie pia kitu ambacho springi haziwezi kubadili. Ukiwa na difu hizo na tairi hizo, kwenye mwendo wa 80 injini yako inazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Hata tukilinyoosha vipi, ni gari la 70. Basi litakupita tu. Je, unachohitaji ni kwenda na basi, au ni kupitwa nalo bila kuogopa?

Tuje nyumbani. Umeandika kwamba mama hataki, na umelichukua neno lake kuwa maana yake gari lisiguswe. Lakini alisema msilikate. Baba mwenyewe aliongeza bapa, akabadili tairi, bila shaka alibadili mengi ambayo mama aliyaona kwa macho yake. Umewahi kukaa naye ukamuuliza ni kitu gani hasa hataki kiondoke? Huenda ni sauti ya injini anayoisikia tangu ikiwa mbali. Huenda ni bodi, rangi, kiti. Huenda anaogopa kwamba likishawekwa mezani, kitakachofuata ni wadogo zako kuliuza. Kila jibu linafungua mlango tofauti, na baadhi ya milango hiyo haina ugomvi kabisa na springi mpya. Inawezekana pia atakuambia hataki lolote, na itabidi ulibebe hilo, huku ukimweleza wazi, kwa heshima, kile unachokisikia mikononi ukiwa naye njiani. Nadhani hujamwambia. Wengi huwaficha wazazi hofu kama hiyo.

Kaka naye, fedha yake imefungwa kwenye kazi moja. Jiulize anachonunua. Pengine, akiwa mbali, anataka kumfanyia baba jambo kubwa linaloonekana. Boljointi sita na kingpini hazipigwi picha. Mtumie vipimo, mtumie picha za kutu, mtumie yale maswali kuhusu mshono na difu, umwombe yeye mwenyewe ampigie fundi ayaulize. Anaweza kubaki pale pale, au anaweza kuona milioni zake zinafaa kuagiza chesisi ya zinki. Au akasema bora mnunue gari jingine la biashara, hili libaki la mama na safari fupi. Njia hiyo nayo ina gharama yake: magari mawili ni bima mbili na matengenezo mawili, na gari linalokaa tu huoza pia.

Halafu kuna kadi. Gari lenye jina la marehemu ni mali ya mirathi, na wewe, kaka, mama na wadogo zako wote mna neno juu yake mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama. Namba ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma, karibu na kishikio cha springi ya mbele kulia, ndiyo iliyo kwenye kadi. Ukiiondoa chesisi hiyo, umeondoa kitambulisho cha gari. Mabadiliko hayo yanatakiwa yaripotiwe TRA, na mwenye kuripoti ni mwenye gari, ambaye hayupo. Siku ya ajali, bima watasoma namba kabla ya kitu kingine. Ile Discovery nayo, kadi yake iko wapi? Ilifikaje hapo ilipo? Kuuliza hivyo si kumtuhumu mtu. Na hata ukitengeneza vitu vidogo tu, weka risiti zote na uwaonyeshe ndugu zako, ili siku ya kugawana fedha yako isigeuke maneno.

Fundi mzee wa baba yako sidhani amekununia kwa ajili ya Mwandiga peke yake. Yeye ndiye anayejua bapa zile ziliongezwa lini, kama rilei iliwahi kufunguliwa, na wapi chesisi imeshatiwa viraka. Kumwita aje asimame wakati fundi mwingine anapima hakukufungi kumpa kazi.

Jambo moja sitalizungusha: mpaka usukani na breki vikaguliwe, safari ya kliniki muwahi kuondoka, mzigo usiwepo, mwendo usivuke 50, na hizo tairi za waya zihamie nyuma wiki hii. Hayo hayahitaji kikao cha ukoo.

Ukishapima habu hadi habu pande zote mbili, na ukishapita na nyundo chesisi nzima, niandikie tena. Niambie namba ulizozipata, na niambie mama alijibu nini ulipomuuliza ni kitu gani hasa hataki kikatwe.